Bibi wa Mlango wa Kijani

Vumbi likiungua ndani ya mashine lina harufu yake. Si ya moto, wala si ya plastiki inayoyeyuka. Ni kama unywele uliopita karibu mno na jiko, halafu nyuma yake kuna utamu kidogo, kama maziwa yaliyoshika chini ya sufuria. Nilikutana nayo wiki iliyopita Makumira, kwenye chumba cha wanafunzi watatu wa chuo walioniita niwatengenezee televisheni. Nilipomaliza walitaka kuijaribu palepale. Wakawasha mashine yao ya gemu, kuukuu, feni inavuma kama nyuki, na ile harufu ikanifikia nikiwa bado nimepiga magoti nyuma ya meza na bisibisi mdomoni.

Gemu yenyewe walikuwa wameipata siku hiyohiyo. Ni zile za kujifanya mtu mwingine: unapewa kijana, unampa jina, unatembea naye nchi nzima ukiongea na watu na kupambana na majini. Dakika kumi hazijaisha wakaanza kubishana. Mmoja alisema hajawahi kuona nyasi zikipepea vile. Wa pili alisema maneno ni mengi mno, yeye anasoma kutwa, hawezi kutoka darasani aje kusoma tena kwenye televisheni. Wa tatu, mpole wao, alisema hajui bado, apewe siku mbili. Wakanipakulia wali na maharage. Nikala, nikashiba, nikarudisha sahani, na kazi imekwisha, lakini bado nikawa nimekaa kwenye kitanda cha watu kama mgeni aliyesahau kuaga.

Hiyo si tabia yangu. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo nimelala Mererani, Namanga, Karatu, Babati, popote penye kazi inayoniruhusu kufungua kitu nione ndani kuna nini. Nikishaona, naondoka. Lakini siku hiyo nilikaa, nikawasikiliza wale vijana, na mabishano yao nilikuwa nimeshayasikia, neno kwa neno, nikiwa na kimo cha meza.

Nililelewa Sombetini na Mama Mkubwa, dada yake mama. Mama mwenyewe alikuwa amekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Siku ya kuondoka kwake naikumbuka kwa vitu vidogo tu: begi lenye gurudumu moja bovu lililochora mstari kwenye vumbi kutoka mlangoni hadi barabarani, na mkono wake uliokuwa na harufu ya sabuni ya kufulia. Aliniambia nikipanda darasa atarudi. Nikapanda. Nikapanda tena. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili tukitoka kanisani, kisha Jumapili moja moja, kisha simu ikanyamaza. Mama Mkubwa aliendelea kuiweka juu ya kabati kila Jumapili, pale mtandao ulipokuwa unashika, akijifanya anaichaji. Nikiuliza, alisema mama ana kazi nyingi. Nikiuliza tena, alinituma dukani.

Nyumba zetu zilikuwa za kujengwa kwa awamu, chumba leo, chumba mwakani, na kati ya nyumba moja na nyingine palikuwa na banda la gemu. Kuta za mabati, pazia la blanketi mlangoni, benchi mbili, televisheni mbili. Mwenyewe alikuwa Mchaga wa Kibosho, na sisi tulimwita Mangi kama tulivyomwita kila Mchaga mwenye duka. Televisheni kubwa ilikuwa ya mpira. Ile ndogo, yenye doa la kijani kwenye pembe, ilikuwa ya yeyote aliyekosa nafasi kwenye kubwa. Wenzangu wa rika langu mnalikumbuka joto la mabanda yale, jasho la watoto ishirini, na ile harufu ya vumbi linaloungua.

Fundi wa pedi za kuchezea gemu alikuwa Anaeli, kijana wa Kimeru kutoka Akeri, juu huko kwenye migomba na kahawa. Alikuwa amemaliza darasa la saba akashuka mjini kutafuta maisha, na maisha aliyoyapata yalikuwa kuchomelea nyaya za pedi zilizokatwa na watu waliofungwa magoli. Mimi nilikuwa namshikia tochi, na yeye alinipa zamu kwenye ile televisheni ndogo. Wakati ule mabanda ya video yalionyesha filamu za nje huku sauti ya Mswahili mmoja ikipita juu yake, inaeleza kila anachosema kila mtu, wanawake, watoto, hata mbwa. Anaeli aliiga sauti ile mpaka ungeangalia nyuma kutafuta spika.

Siku moja Mangi akaja na sidii mpya kutoka Nairobi. Alikuwa ameambiwa ni gemu inayotamba. Banda zima likasogea. Ilipofunguka ukaonekana mlima wenye theluji, chini yake kijiji, na katikati ya kijiji kijana mwenye kitambaa cha buluu kichwani. Tukasubiri afanye kitu. Akasimama tu.

Mangi alisema mlima ule ni Kilimanjaro, si mnaona theluji. Anaeli akasema ni Meru, angalia ubavu wake ulivyobomoka, Kilimanjaro haijawahi kubomoka. Wakabishana juu ya mlima mpaka Side akakosa uvumilivu. Side alikuwa mkubwa kwetu kidogo, bingwa wa televisheni kubwa, mtoto ambaye hata Mangi alimpisha.

"Hii ni gemu au ibada?" akauliza. "Unatembea, unasalimia, unatembea tena, unasalimia tena. Sadaka inatolewa saa ngapi?"

Watu wakacheka. Ilipokuja vita, wakacheka zaidi. Kijana wetu alimpiga fisi upanga mmoja, kisha akarudi nyuma akasimama kungoja fisi naye ampige. Side alisema hajaona mtu anapigana hivyo, labda wazee kwenye kikao, kila mmoja na zamu yake ya kuongea. Wengine walisifia upanga. Wengine walisema muziki wake unatia usingizi. Mangi alilalamika kwamba haina kipenga cha mwisho, sasa atajuaje zamu ya mtu imekwisha? Kabla ya jua kuzama gemu ilihamishiwa kwenye televisheni ya doa la kijani, na Mangi akasema ikikosa wachezaji ataitoa.

Mchezaji akabaki mmoja. Mimi.

Nilimpa yule kijana jina langu, ingawa Anaeli ndiye aliyenitafutia herufi. Kiingereza sikukijua. Hata Kiswahili nilikisoma polepole, kwa kidole. Maneno yalipotokea chini ya kioo Anaeli aliinua uso kutoka kwenye pedi aliyokuwa anaichomelea, akayatazama, akasema kwa ile sauti ya video, "Kijana, umetumwa kumtafuta mama yako. Amevuka mlima. Uliza nyumba kwa nyumba."

Tazama mtoto anavyopokea kitu kama hicho. Sikushangaa hata kidogo. Niliona ni haki kabisa kwamba gemu ijue.

Basi tukauliza nyumba kwa nyumba. Kulikuwa na adabu yake. Huwezi kuingia kwa watu hivihivi, kwa hiyo kila tulipofika mlangoni nilibonyeza kitufe mara tatu: hodi, hodi, hodi. Kioo kilikuwa cheusi kwa muda, kisha tukawa ndani. Leo najua weusi ule ulikuwa mashine inasoma sidii. Wakati ule niliamini ni mwenye nyumba anatembea kuja kufungua. Nyumba ikiwa kubwa weusi ulichelewa, na mimi nilielewa kwa nini: anatoka chumba cha nyuma.

Nyumba ya mwisho ya kijiji ilikuwa na mlango wa kijani. Ndani yake alikaa bibi mmoja karibu na moto. Ungeweza kuongea naye mara nyingi upendavyo. Mara ya kwanza Anaeli alisema, "Shikamoo yako nimeipokea, mjukuu. Mama yako alipita hapa. Alikunywa maji." Siku ya pili bibi alisema mama alikuwa amechoka lakini hana homa. Siku ya tatu alisema mama anapika kwa watu wenye nyumba kubwa, na akikata vitunguu hulia, wao hudhani ni vitunguu. Sikwenda tena kokote. Vita sikutaka, upanga sikutaka, mlima wenyewe sikuupanda. Kila nikitoka shule niliweka begi, nikamshikia Anaeli tochi, nikapiga hodi kwa bibi.

Halafu siku moja bibi akasema, "Mama yako anauliza kama kile kidonda cha goti kimepona."

Nilijitazama goti. Nilikipata kidonda kile kwa kuanguka kwenye mtaro, usiku wa mwisho kabla mama hajaondoka, na yeye ndiye aliyekifunga kwa kipande cha kanga. Anaeli hakuwepo usiku ule. Pale bandani hakuna aliyejua. Kuanzia siku ile hakuna mtu angeweza kuniambia si kweli.

Nilimweleza Mama Mkubwa jioni, akiwa anachambua mchele. Nilisema mama anaendelea vizuri, ameulizia goti langu. Mkono wake ulisimama juu ya ungo, kisha ukaendelea. Hakuniuliza nimesikia wapi. Niliona ni ajabu kidogo, lakini mtoto aliyepata anachotaka hana maswali mengi. Kitu kingine nilichokiona nisikitilie maanani ni miguu. Siku kadhaa, nikiwa kwenye benchi, niliona chini ya pazia kandambili za Mama Mkubwa, moja ina mkanda wa buluu na nyingine wa kijani, maana alikuwa ameziunganisha kutoka jozi mbili. Mara ya kwanza nilijua nimekwisha, ataingia anivute sikio. Hakuingia. Miguu ilisimama pale mpaka bibi alipomaliza kuongea, kisha ikaondoka.

Aliyeharibu alikuwa Kelvin, binamu yake Side, aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni ya kufundishwa kwa Kiingereza. Mvua ilikuwa imekata umeme asubuhi nzima na uliporudi banda likajaa, na kwa sababu televisheni kubwa ilikuwa na foleni, Side na Kelvin wakaja kusimama nyuma yangu. Nikapiga hodi mara tatu. Nikamkuta bibi. Anaeli, akiwa ameinamia solda, akaanza: mama amepata barua, anaitafutia muda wa kujibu.

"Siyo hivyo ilivyoandikwa," Kelvin akasema.

Hakuwa na ubaya. Alikuwa mtoto anayejua kitu, na mtoto anayejua kitu husema. Akasoma kwa Kiingereza, haraka, kisha akatafsiri: "Leo upepo ni mkali. Funga mlango ukitoka."

Side akaniambia nimwongeleshe tena. Nikabonyeza. Kelvin akasoma: leo upepo ni mkali, funga mlango ukitoka. Nikabonyeza tena, na tena, na kwa mara ya kwanza niliangalia herufi zenyewe, zile nilizokuwa nimezitazama wiki nzima kama mtu anavyotazama mvua. Zilikuwa zilezile. Kila mara zilezile.

Side alianza, na banda zima likamfuata. Walicheka mpaka wa televisheni kubwa wakasimamisha mpira. Mmoja alimwita Anaeli mkalimani wa ubalozi. Mwingine alimwomba atafsiri anavyosema yule fisi.  Anaeli aliweka solda chini, akazungusha waya kidoleni, akanitazama mimi tu.

"Muongo," nikamwambia.

Kicheko kilipungua. Kumwambia mkubwa neno lile mbele za watu kulikuwa jambo la kuchapwa, na kila mtu alisubiri anichape.

"Wewe ulitaka aseme nini, dogo?" akauliza, taratibu, kama anayetaka kweli kujua.

 Niliweka pedi chini, nikatoka nje kwenye mvua.

Mama Mkubwa alikuwa jikoni. Nilisimama mlangoni nikivuja maji, nikamuuliza, "Mama yuko wapi?" Sikusema anaendeleaje, sikusema anarudi lini. Nadhani aliisikia tofauti hiyo, kwa sababu hakunituma dukani. Alifunika sufuria, akafuta mikono, akaketi kwenye kigoda ili macho yetu yalingane.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Simu yake haipatikani. Nimeuliza kwa waliompeleka, nao hawajui. Sijui."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia hajui. Nilikaa chini sakafuni. Nikasema Anaeli ni muongo, bibi hakusema lolote, anasema upepo tu. Mama Mkubwa aliangalia jiko.

"La goti nilimpa mimi," akasema. "Nilikuwa nampitia nikitoka sokoni. Hayo mengine alikuwa anatunga mwenyewe, lakini la goti ni langu. Mimi ningeanzia wapi kukuambia? Yeye aliweza."

Kesho yake nilikwenda bandani mapema. Nilikuwa nimeandaa la kusema, nimelirudia njiani. Mangi aliitikia shikamoo yangu akasema Anaeli amepanda kwao, kahawa imeiva, baba yake amemwita wakachume. Alisema atarudi. Nikaketi kwenye televisheni ya doa la kijani, nikapiga hodi mara tatu, weusi ukaja, ukaondoka. Bibi alikuwa palepale. Herufi zikatokea. Nikasubiri sauti. Nyuma yangu watu walikuwa wanapiga kelele za mpira, na mbele yangu bibi alifungua na kufunga mdomo. Sijawahi kusikia kimya kama kile mahali penye kelele namna ile.

Niliendelea kwenda siku kadhaa. Nilizoea kukaa mpaka nikazijua herufi zile kwa sura, kisha kwa sauti, kisha nikamuuliza mwalimu kila moja ni nini. Kiingereza changu chote, hiki ninachosomea vitabu vya mashine, kilianzia pale, kwenye upepo na mlango. Halafu Mangi akaona ni mchezaji mmoja tu, naye anakaa nyumba moja, akaitoa sidii ile akaweka mbio za magari.

Anaeli hakurudi. Nilipokuwa mkubwa nilipanda Akeri mara moja kumuulizia. Nikakuta nyumba yao, migomba, mdogo wake wa kike aliyenikaribisha ndizi za kuchoma, akasema kaka yake alikwenda Geita, halafu wakasikia yuko Mwanza, halafu hawakusikia. Niliacha namba yangu. Neno nililoliandaa njiani asubuhi ile bado ninalo, nimezunguka nalo miji minne.

Na mama alirudi. Ndivyo ilivyokuwa, ingawa nikiwaambia watu hudhani nimeruka sehemu. Alirudi mimi nikiwa nimeshaondoka, nikafuatwa na simu nikiwa Babati juu ya paa la mtu. Hakueleza ilikuwaje, na mimi sikuuliza, labda kitu pekee duniani ambacho sijakiuliza. Sasa ana vyumba viwili Moshono na bustani ya mboga. Nampigia Jumapili. Ananiuliza kama nimekula. Ananiuliza kama huko mvua imenyesha. Ananiambia nijitunze. Jumapili inayofuata ni hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, na kwa miaka mingi nilikata simu nikiwa na hasira kwamba mtu aliyepotea namna ile amerudi na sentensi tatu tu.

Nilikuwa nawaza hayo pale Makumira wakati yule mpole akanipa pedi, akasema kaka fundi nawe ujaribu, utuamulie. Nikamtembeza kijana wao hadi nyumba ya kwanza. Nikabonyeza mara tatu.

"Mara moja inatosha, kaka," akasema.

Nikamwambia najua. Wakaniuliza naionaje. Nikasema sijui bado, ila wasikimbilie vita, waingie kila nyumba, na wanaoongea yaleyale wasiwaruke. Yule wa pili, adui wa kusoma, aliguna. Nikakusanya vifaa vyangu.

Niliposhuka njia panda nilikuwa na safari ya kwenda Karatu, kuna hoteli ilikuwa inanisubiri na feni zake. Nikaenda Moshono. Mchana ulikuwa umetulia, mlima uko wazi hadi kileleni. Mlango wa mama ni wa mbao, haujapakwa rangi. Nikapiga hodi mara tatu. Ndani kukawa kimya, kimya kirefu, na sikupiga tena wala sikuzunguka dirishani. Nilisimama pale nikijua anatoka chumba cha nyuma.

Akafungua. Alinitazama kuanzia viatu hadi usoni, akashika ukingo wa mlango.

"Umekula?" akauliza.

Nikiwa nimeshiba wali wa wale vijana, nikamwambia bado, mama.